Safari Yenye Saa ya Kurudi

Hesabu ya kwanza niliiandika Juni 2022, nyuma ya daftari la mazoezi. Kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, hadi Lilongwe, kilomita kama 45. Lilongwe hadi Salima, kama 100. Salima hadi Nkhotakota, mia nyingine na zaidi kidogo. Nikajumlisha, nikazidisha mara mbili kwa ajili ya kurudi, na hapo penye neno "kurudi" kalamu ikasita. Nimesafiri sana maishani mwangu. Nilitoka Kasongo kwa miguu, nikavuka Ziwa Tanganyika usiku, nikalala Kigoma majuma kadhaa, nikapanda malori mpaka Karonga, na mwaka 2009 nikashuka hapa wilayani Dowa. Katika safari zote hizo hakuna hata moja niliyowahi kuiandikia saa ya kurudi.

Wazo lilitokana na swali. Jioni huwa nafundisha Kiswahili na historia kwa vijana wanaojiandaa na mitihani, chini ya paa la mabati, taa ikiwa ni ya simu. Msichana mmoja aliyezaliwa hapahapa kambini aliniuliza: "Mwalimu, wazazi wetu wanatoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kwa nini sote tunaongea lugha ya watu wa pwani?" Nikawaeleza habari za misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip iliyofika Maniema, nikawaeleza Kasongo na Nyangwe, jinsi lugha ilivyopita na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo mpaka ikawa lugha ya mama zetu. Darasa lilinyamaza. Kisha kijana wa nyuma akauliza kama misafara ya namna hiyo ilifika pia huku Malawi. Nilimjibu kwamba nitamletea jibu, na jibu nililipata katika maktaba mjini Lilongwe. Ilifika, na kituo chake kikubwa upande huu wa ziwa kilikuwa Nkhotakota, mwendo wa nusu siku kutoka pale tulipokuwa tumekaa.

Sipendi somo la historia linalomaliza biashara ya utumwa kwa sentensi moja na kuhamia sura inayofuata. Nilitaka vijana wale wasimame pale.

Lakini mkazi wa Dzaleka haamki tu akaenda. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, mojawapo likihusu uhuru wa kutembea. Anayetaka kutoka kambini anaomba kibali, na kibali kinataka jina, sababu, mahali, tarehe, na saa ya kuwa umerudi. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakipenya, wengine wakafungua maduka Lilongwe na kwingineko. Mwaka 2023 serikali ikaagiza wote warudi kambini, na Mei polisi wakaanza kuwakusanya. Tuliwapokea majirani wapya wakiwa na magodoro kichwani, kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa watu kama 10,000 ikiwa imeshapita 50,000. Katika hali hiyo nani angepeleka barua ya kuomba kwenda kutazama mti wa kale kule Nkhotakota? Nikaliweka daftari chini ya godoro.

Fedha tulizokuwa tumechanga kwa ajili ya safari zikabaki kwa mweka hazina wetu, mama mmoja muuza mandazi. Novemba 2023 kwacha ikashushwa thamani kwa asilimia 44. Hazikuibwa wala hazikutumika, lakini tulipozihesabu tena hazikutosha hata kukodi gari la kwenda tu. Hapo nilijifunza jambo ambalo wafanyabiashara wa soko letu walilijua zamani: fedha za safari usizikalie. Tulipoanza kuchanga upya mwaka 2024, kila kilichopatikana tulikigeuza haraka kuwa kitu. Tukanunua mchele, mafuta ya kupikia, chupa za maji, na tukamlipa mwenye gari sehemu ya malipo mapema ili bei isipande tena.

Hesabu ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu safari hii nilihesabu saa. Kibali kingeisha saa kumi na mbili jioni. Minibasi iliyojaa watu, barabara zetu hizi, vizuizi vya njiani: saa tano kwenda, saa tano kurudi. Tukiondoka saa kumi alfajiri tungefika saa tatu, na saa saba mchana tungepaswa kuwa tumegeuza. Saa nne pekee. Katika mpango wa 2022 nilikuwa nimeandika vituo sita, pamoja na Senga Bay, ili vijana waione ile pwani ya hoteli inayopendwa na wageni. Nikavikata kimoja kimoja. Vikabaki vitatu, mti, kanisa na ufuko, na mahali pa kulia chakula tulichobeba. Kukata kuliniuma. Lakini nimeona safari nyingi za shule zikiharibika kwa uchu wa mwalimu: watoto wanashushwa, wanapigwa picha, wanapandishwa, na jioni hawakumbuki walichokiona.

Orodha ilikuwa ya watu 14: wanafunzi 12, mwalimu mwenzangu, na mimi. Siku mbili kabla ya kuipeleka ofisini, Mama Mkubwa akabisha mlangoni kwangu.

Si mama yangu mkubwa wa damu. Ni wa mtaa mzima. Ni mtu wa Baraka, kwenye ukingo wa Tanganyika upande wa Fizi, na mumewe alikuwa mvuvi. Akakaa kwenye ndoo, akasema: "Mwalimu, hata miye nitaenda. Nataka kuona maji mbele nikufe." Nikamweleza kwamba ni safari ya masomo, viti vimekwisha, orodha imekwisha kuandikwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akaenda zake. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimepanga safari ya kwenda ziwani, na sikuwaza hata mara moja kuhusu mtu wa ziwa aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilikuwa nimepanga kwa ajili ya mtihani.

Mwanafunzi mmoja akashikwa na malaria wiki ileile. Sikuona fahari yoyote kupata nafasi kwa njia hiyo, lakini nilibadilisha jina.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya Oktoba. Mwishoni mwa 2024 mafuta yalikuwa adimu Malawi, na dereva wetu alikuwa amekesha kwenye foleni ya dizeli Lilongwe. Alifika saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Dakika hamsini zilikwisha kupotea, nami nikatoa kalamu nikazikata papo hapo kwenye muda wa chakula.

Nilipoimulika foleni yetu kwa tochi nikamwona Mama Mkubwa amekaa juu ya mzigo. Ulikuwa mzigo kweli: blanketi, sufuria, kitenge cha pili, na mfuko wa plastiki wenye karatasi zake zote, kadi ya mgao, cheti cha ubatizo, picha mbili za watoto ambao sijawahi kuuliza waliko. Nikachutama mbele yake.

"Mama, tunarudi leo. Jioni tuko hapa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Huu mzigo tuuache kwa jirani."

Akaushika kamba. "Hata Baraka walituambia ivo. Tutarudi jioni."

Sikuwa na la kumjibu. Nikaupakia. Vijana wakabana miguu, na hakuna aliyenung'unika, maana kila mmoja wao ana mtu nyumbani mwenye mfuko wa namna hiyo karibu na mlango.

Alfajiri ile Lumbadzi ilikuwa na moshi wa mandazi, na Kanengo ilikuwa na malori yaliyolala kando ya njia. Hatukuingia katikati ya Lilongwe. Tuliziona taa zake kwa mbali tukashika barabara ya Salima. Kwenye kizuizi askari alisoma kibali kwa tochi, akatuhesabu, akahesabu tena, akasema "Yendani bwino." Nilimwona msichana aliyeuliza lile swali la kwanza akitoa pumzi aliyokuwa ameibana. Alikuwa na miaka 17, na hakuwahi kufika mbali kuliko Lilongwe.

Baada ya nyanda za juu barabara inateremka kuelekea Bonde la Ufa, joto linapanda, na mibuyu inaanza. Mama Mkubwa aliiona kwanza. Kutoka Salima tulielekea kaskazini tukiwa na ziwa upande wa kulia, mara lionekane, mara lifichwe na mashamba ya mpunga. Mpunga nao ulitupa somo: kwa Kichewa unaitwa mpunga vilevile, na mchele unaosifiwa kuliko mingine masokoni Lilongwe unaitwa Kilombero, jina la bonde la Tanzania. Msikiti wanauita mzikiti. Vijana walianza kuyatafuta maneno kama watu wanaookota embe.

Tulifika Nkhotakota saa nne kasoro. Ni mji uliotandaa kwenye miti, nyumba zake zimeachana, watu wengi wamevaa kanzu na mitandio, na upepo una harufu ya samaki. Katika miaka ya 1840 mfanyabiashara kutoka pwani, Salim bin Abdallah, aliweka makao hapa akachukua cheo cha Jumbe, na waliomfuata katika cheo hicho walitawala mpaka Waingereza walipomwondoa wa mwisho katika miaka ya 1890. Majahazi yalijengwa hapa ufukoni. Watu waliokamatwa bara walikusanywa, wakavushwa ziwa, kisha wakatembezwa kwa miguu mpaka Kilwa. Msafiri Livingstone alifika mara mbili, 1861 na 1863. Mara ya pili alikaa chini ya mkuyu mkubwa, na hadi leo watu wanamwonyesha mgeni mti wa Livingstone.

Chini ya mti huo niliwaambia vijana jambo nililokuwa nimeliweka kwa ajili ya pale tu. Mtu huyohuyo, miaka minane baadaye, alikuwa Nyangwe, kwetu Maniema, kando ya Lualaba. Tarehe 15 Julai 1871 aliona watu wa misafara wakifyatulia bunduki soko lililojaa wanawake, na makadirio ya waliokufa aliyoyaandika yalifika 400. Bibi zangu walisimuliwa habari za soko hilo na bibi zao. Nilisema hayo yote kwa Kiswahili, na nilipokuwa nasema nilisikia kila neno likitoka kinywani mwangu likiwa na uzito mwingine. Lugha iliyotuunganisha sisi wa makabila yaliyopigana, lugha ya sala zetu na mapenzi yetu kambini Dzaleka, ilikuwa imewahi kutumika hapahapa kuhesabu vichwa kabla ya jahazi kuondoka.

Kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, waliovushwa walijua kwamba hawarudi?"

Nilisema nadhani siku ya kwanza hapana. Mama Mkubwa, aliyekuwa amekaa juu ya mzizi, akatikisa kichwa. "Siku ya kwanza haujuake," akasema. Hakuongeza neno.

Kanisani hatukukaa sana. Ni la misheni ya Kianglikana ya UMCA, hiyohiyo iliyojenga kanisa la Mkunazini, Zanzibar, mahali palipokuwa soko la watumwa. Hapa amezikwa Askofu Chauncy Maples, aliyezama ziwani Septemba 1895, miezi michache tu baada ya kuwekwa wakfu. Mashua yake ilipopinduka kwenye dhoruba aliwaambia vijana wa mashua wajiokoe wamwache. Wanafunzi wangu wa Burundi walisimama mbele ya kaburi lake muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Niliitazama saa yangu, nikaamua kutowaharakisha.

Ufukoni palikuwa na vichanja virefu vya usipa, samaki wadogo wa fedha wanaoanikwa juani. Mama Mkubwa alitembea mpaka kwenye kichanja cha kwanza akachukua mmoja, akamgeuza, akamnusa. "Ndagala," akasema. Mwanamke mwenye kichanja akacheka akasema "Usipa, amayi." Wakasimama pale wawili, mmoja na Kichewa chake, mwingine na Kiswahili cha Fizi, wakielezana jinsi ya kuanika ili mchanga usiingie, na walielewana kwa mikono. Nilinunua kidogo. Yeye alinunua zaidi yangu, kwa fedha alizokuwa amezifunga kwenye pindo.

Mahali pa kula nilikuwa nimepaandika "ufuko, kivuli". Dereva akasema anajua pazuri zaidi, kusini kidogo, na ni njiani. Ilikuwa hoteli ya mapumziko iliyoachwa. Mwaka ule ziwa lilikuwa limepanda kuliko kawaida, na hoteli nyingi za ukingoni ziliingiliwa na maji. Hii haikufunguliwa tena. Tulisimama getini nikapaza sauti: "Hodi!" Ndani mzee akaitika "Odini!" Vijana wakatazamana. Ni neno lilelile, limevua herufi ya kwanza njiani na kuvaa mkia mwingine. Mlinzi akatoka, nikamsalimu kwa Agogo kama inavyompasa mtu wa umri wake, nikamwonyesha kibali ingawa hakukiomba. Akatukaribisha kama kwamba hoteli ni yake.

Vyumba vya mbele vilikuwa majini. Maji yalikuwa yameacha mstari wa kahawia ukutani, juu ya magoti. Kwenye kaunta palipokuwa na vinywaji palianikwa nyavu. Ubao wa bei ulikuwa bado umetundikwa, kitanda kimoja, vitanda viwili, kifungua kinywa, na chini yake maandishi yaliyofifia ya saa ambayo mgeni anatakiwa awe ameondoka chumbani: saa nne asubuhi. Vijana waliusoma kwa makini. Msichana yule akauliza ni watu gani walikuwa wanakuja hapa. Nikamwambia ni watu waliotoka nyumbani kwa hiari yao, wakalipa, wakalala siku mbili, wakarudi nyumbani. Akaniuliza kama ni kweli kuna watu wanaosafiri bila sababu yoyote. Nilitaka kucheka, nikaona uso wake, nikamjibu sawasawa: wako, wengi, na hata yeye leo ni mmoja wao kidogo.

Niliketi kwenye ngazi nikafikiri juu ya Dzaleka. Kabla ya kuwa kambi ilikuwa gereza la wapinzani wa Rais Kamuzu Banda. Jina lenyewe limebeba neno la Kichewa la kuacha, na wenyeji hulieleza kwamba aliyeonja pale ataacha, hatarudia tena. Mahali palipojengwa ili mtu asitamani kurudi ndipo tunaporudi sisi kila jioni kwa saa iliyoandikwa. Na hapa, palipojengwa ili watu warudi mwaka hata mwaka, hapana mtu. Sikuwa na hitimisho la kuwapa wanafunzi. Nikawaacha wale wali wao.

Mama Mkubwa hakula. Alishuka ngazi za veranda zilizokuwa zikiingia moja kwa moja ziwani, akakunja kitenge, akasimama maji yakiwa kwenye mashavu ya miguu. Mwalimu mwenzangu akaniashiria saa. Saa saba na robo. Tulikuwa tumeshachelewa kwa robo saa, na tayari nilikuwa nimezila dakika za chakula. Nilisimama nyuma yake nikiwa na daftari mkononi. Ninaamini katika kupanga. Bila karatasi ile hakuna hata mmoja wetu angekanyaga pale. Ila mimi niliyeandika dakika za mti na dakika za kanisa sikuwa nimeandika dakika za mtu kusimama ndani ya maji. Nililifunga daftari. Nikampa dakika kumi zisizo na jina, na mwalimu mwenzangu, ambaye ni mkali wa saa kuliko mimi, akageuka akajifanya anahesabu chupa.

Alipopanda ngazi alisema tu: "Ya kwetu ni baridi kuliko hii."

Kurudi, dereva aliendesha kwa adabu na kwa haraka. Salima, mpando, Mvera. Vijana walilala wakiwa wameegemeana. Jua lilituchwea njiani, na nilikuwa nimeshaanza kuitunga moyoni barua ya kuomba radhi. Tulifika saa kumi na mbili na dakika ishirini. Aliyepokea kibali alitazama saa ya ukutani, akatazama nyuso zetu zilizojaa vumbi, akatuhesabu. Kumi na nne. Akaandika saa kumi na mbili kamili, akatuambia tukapumzike. Sitamtaja ni nani.

Nilimsindikiza Mama Mkubwa nikiwa nimebeba mzigo wake begani. Tangu alfajiri haukufunguliwa hata kamba moja. Mlangoni kwake mjukuu wa jirani alikuja mbio kumpokea, akanyoosha mikono kuuchukua. Mama akamkatalia. Akampa ule mfuko mdogo wa usipa, akamwambia awashe jiko kwanza, mambo mengine baadaye. Mimi nikauingiza mzigo ndani, nikauliza niuweke wapi.

"Popote, Mwalimu," akasema, akiwa tayari ameinama anachambua mchanga. "Nitaufungua kesho."

Jumatatu asubuhi nilipopita kwenda darasani, blanketi lilikuwa limeanikwa kwenye kamba.